Inanga Isiyonong'onezwa

Mwanzo ilikuwa pumzi tu, mtu akivuta hewa nyuma ya kiti. Kasiano akasimamisha cherehani, akageuka. Hapakuwa na mtu. Jua la saa nane lilikuwa limejaa mlangoni, na redio ikaendelea na magitaa yake.

Kasiano alikuwa fundi nguo huko Mushasha, Gitega, akishona sare za wanafunzi. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi kwao na mkewe Anisia na binti yao Jeska, mtoto wa miaka minane mwenye maneno mengi kuliko redio. Muziki wake ulikuwa ule usio na mwimbaji: rumba ya magitaa matupu, saksofoni, kinanda cha kanisani, mradi mtu asifungue kinywa. "Maneno yananivurugia vipimo," alikuwa akisema. Haya, kila mtu na ladha yake. Kosa halikuwa hapo.

Kosa lilikuwa inanga. Mwezi ule alikwenda Buhinyuza, kule Muyinga, kugawana shamba la marehemu baba yake na mzee Gervasi, aliyelilima miaka yote ya ukimbizi. Waligawana bila ugomvi, na Gervasi akamshushia darini inanga ya baba, ala ya ubao mrefu wenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe. Kasiano akaitundika ukutani karakanani, na kila jioni akaipiga kwa vidole tu, kinywa kimefungwa. Maskini, nani angemfundisha vingine? Kambini hakuiona inanga hata siku moja.

Wiki haikuisha, ile pumzi ikawa mnong'ono chini ya magitaa. Akaichomoa redioni kadi ya muziki, akaipeleka kwa Bashizi, Mkongo aliyemuuzia sokoni.

"Humu ndani kuna mtu anaongea," Kasiano alisema.

Bashizi akaisikiliza mara tatu. "Mi nasikia gitaa tu, fundi. Hamuna mutu. We uko na malaria?"

Siku hiyohiyo Jeska alirudi shuleni sauti imekauka. Anisia akamchemshia tangawizi. Siku ya tatu mtoto alinong'ona; siku ya tano midomo ilicheza bila kutoa kitu, na karakana nzima ikanuka maziwa yaliyochacha, ilhali hawakuwa na maziwa. Ndipo mchana mmoja, saksofoni ikilia, mnong'ono ukasema, "Baba, nimemaliza hesabu," kwa sauti ya Jeska mwenyewe, na Kasiano akazima redio, na mnong'ono haukuzimika, ukaendelea kuhesabu moja, mbili, tatu, kutoka kwenye ule ubao ukutani.

"Ni mwanangu huyo," Anisia alisema polepole, amesimama mlangoni.

"Usimwite. Tafadhali, usimwite."

Kesho yake wakaenda wote Buhinyuza na inanga yao. Gervasi aliwasikiliza, akashika kichwa.

"We uliipiga bila kunong'ona? Inanga ya huku haipigwake kavu, mwanangu. Mwenye kupiga anatia pumzi yake, neno kwa neno. Ukiacha nafasi ile wazi, jini anaikaa. Na hakupata pumzi yako, akachukua ya mtoto."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuichome."

"Na sauti ya Jeska?"

Gervasi akaenda kutafuta kuni.

Moto ulipowaka uani, Kasiano akaulaza ubao juu yake, na nyuzi zikaanza kulia zenyewe, kwanza taratibu, kisha haraka, na katikati ya nyuzi ile sauti ndogo ikasema inaungua, inaungua, baba nitoe, huku Jeska mwenyewe amesimama pembeni kinywa kimefumba, mpaka Anisia akaingiza mikono yote miwili motoni akauchomoa.

"Nichome mimi kwanza," alisema.

Basi wakarudi nayo Gitega. Kasiano alikaa wiki nzima akiinong'oneza, koo likatoka damu. Bure. Nafasi ilikuwa imeshakaliwa. Muziki akauacha wote, hata wa kinanda.

Sasa Anisia akiita "Jeska!", ni ukuta unaoitika, "Abee, mama." Mtoto aliyekaa miguuni pake hainui hata kichwa. Mwanzoni Anisia alilia. Siku hizi huvuta kigoda chake ukutani, akapiga soga na kucheka huko mpaka jioni, na yule binti huketi na bakuli lake tupu, wala hakuna anayekumbuka kumpakulia.