Ukosi wa Maiti

Mpiganaji kwenye skrini aligeuka, akawapa mgongo, na hakuna aliyekuwa amegusa vitufe.

"Okubo, acha utani," Nagisa alisema.

"Mikono yangu hii hapa, dada. Nakula." Okubo akainua tonge lake la wali.

Kwa miaka mingi wapenzi wa mchezo ule wa mapanga walimwona mpiganaji yule kwa ubavu tu, bapa kama picha ya ukutani. Sasa kampuni yao pale Osaka ilitaka aonekane pande zote, awe na kina, awe na kisogo. Nagisa ndiye aliyemtengenezea mwili. Mwendo ulitoka kwa baba yake mzazi, mzee Tachibana, mwalimu wa upanga, aliyekubali kubandikwa vinundu vya kunasia mienendo huku akilalamika kwamba wamemgeuza pweza.

Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Nagisa, nimekaa hapa kitandani kwa baba yako. Haamki! Miguu ya baridi, na daktari haoni ugonjwa."

Ndipo harufu ya udi wa mazishi ikajaa chumbani, na kutoka kwenye spika, ambazo hazikuwa zimewekewa sauti yoyote bado, kukasikika kandambili za majani zikikwaruza, kwaru, kwaru, na yule mpiganaji akaanza kutembea kwenda ndani kabisa ya skrini, akipungua, akipungua, bila kutazama nyuma.

Okubo aliacha kutafuna. "Dada... ukosi wa kimono. Umeulaza kulia juu ya kushoto."

Kwa desturi ya Kijapani, hivyo huvikwa maiti tu. Nagisa alikuwa amenakili picha ya mchezo wa zamani, ile iliyogeuzwa kama kwenye kioo kila mpiganaji alipohamia upande wa pili wa skrini. Zamani hakuna aliyejali. Haraka haina baraka, tunasema kila siku, na kila siku tunaharakisha. Nagisa alikuwa amemvika baba yake sanda.

"Mrekebishe basi!"

"Hasimami, Okubo! Simshiki!"

"Mwite!"

"Baba!" Nagisa alipiga kelele, akilia. "Baba, rudi!"

Mpiganaji akasimama. Nagisa akaukamata ukosi kwa kipanya, akaulaza kushoto juu ya kulia. Udi ukapotea.

Simuni mama alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Ameamka! Anataka uji wa wali!"

"Ee Mungu wangu. Asante."

"Anasema alikuwa njiani, akakusikia unamwita." Mama akashusha sauti. "Lakini mwanangu, anauliza yule mwenzake wa njiani ni nani. Ulipoita 'Baba', anasema, waligeuka wawili."

Kabla Nagisa hajajibu, alisikia kupitia simu mlango wa mbele wa nyumba ya wazazi wake ukitelezeshwa, kisha sauti ya baba yake, nzito vilevile, ilhali baba alikuwa bado kitandani, ikisema kutoka ukumbini: "Nimerudi."

Na mama, kwa mazoea ya ndoa ya miaka arobaini, akaitikia kabla hajawaza:

"Karibu nyumbani."