Kibao cha Boksi la Tende

Kila asubuhi, Jumapili mpaka Alhamisi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa nywele za Vasudha. Nilimsuka mikia miwili, nikamfunga utepe mweupe, nikamtilia chapati na viazi katika kopo lake la chakula, kisha tukashuka ngazi kungoja basi la shule. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi, Eddah, nilikuwa na ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka Nandi mwaka ule ambao kila wiki ndege iliondoka Nairobi imejaa wasichana wa kazi. Wenzangu wengi waliangukia kwa Waarabu. Mimi niliangukia kwa Wahindi, mtaa wa Al-Safa, Jeddah. Bosi wangu alikuwa mhandisi, mkewe nilimwita madam, na Vasudha, mtoto wao wa pekee, aliniita “didi”, yaani dada.

Kwetu Kenya tunawaita wote Wahindi, na tunadhani wote wanaongea Kihindi. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka familia moja ilipohamia ghorofa ya chini, ikitokea Riyadh. Baba alikuwa mtunza bohari. Binti yao aliitwa Kayal, rika moja na Vasudha, na darasa likawa moja. Walikuwa Watamili wa kusini kabisa mwa India. Kayal aliongea Kitamili nyumbani na Kiingereza darasani, lakini Kihindi chake kilikuwa cha kutafutatafuta maneno. Kuimba, hata hivyo, hakuna aliyemfikia. Mwalimu alimchagua aongoze wimbo katika sherehe ya Siku ya Jamhuri ya India. Nafasi hiyo mwaka uliopita ilikuwa ya Vasudha.

Jioni moja Vasudha alikuja jikoni amevimba mashavu.

“Didi, nyinyi kwenu mna lugha ngapi?”

“Zaidi ya arobaini.”

“Arobaini! Sasa shuleni mlisikilizana vipi?”

Nikacheka. Nikamsimulia habari za diski. Diski ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea Kinandi katika uwanja wa shule, unavishwa shingoni. Nawe unatega masikio mpaka umnase mwingine, umvishe. Atakayekutwa nayo jioni anaosha vyoo. Nilimwigizia jinsi tulivyojificha nyuma ya matangi ya maji kunong'ona, na jinsi mvulana mmoja, Hezekiah, alivyopiga chafya tukasema imetoka kwa Kinandi, akavishwa. Vasudha alicheka mpaka akashika tumbo.

Kesho yake akaniletea kifuniko cha boksi la tende, kile cha mbao nyembamba. Upande mmoja alikuwa ameandika kwa herufi za Kihindi, ambazo mimi sizijui.

“Didi, nitobolee tundu.”

Nilipasha msumari kwenye jiko la gesi, nikatoboa. Sitasema sikujua ni cha nini. Nilijua. Nilijiambia ni mchezo wa watoto, nikarudi kwenye vyombo vyangu.

Sheria aliitangaza Vasudha mwenyewe katika basi la wasichana: asiyeongea Kihindi ndani ya basi anavishwa kibao, na atakayekuwa nacho Alhamisi saa ya kutoka shule amwambie mwalimu kwamba haimbi. Jumapili kikazunguka kwa wasichana wawili watatu, kwa kicheko. Jumatatu Kayal akaponyokwa na neno moja la Kitamili mlango wa basi ulipombana kidole. Toka hapo hakikutoka kwake, kwa sababu hakuna aliyemkaribia ili naye amnase akikosea. Asubuhi nilisikia wasichana wakimwita dirishani, “Yalla, Madrasi! Panda na medali yako!” Yalla ni Kiarabu cha “haya, twende”; Madrasi ni jina ambalo watu wa kusini huitwa kwa dharau. Kayal alipanda. Kibao alikificha chini ya sweta, lakini kamba ilionekana.

Alhamisi asubuhi tulikuwa langoni, mimi, Vasudha na Kayal tu, basi halijafika. Madam akanirushia simu kutoka dirishani nikaidaka kwa khanga. Aliyekuwa kwenye simu ni bibi yake Vasudha, akipiga kutoka kijijini kwao, mashariki kabisa mwa majimbo ya Kihindi. Bibi yule hakijui Kihindi cha vitabuni. Lugha yake ni Kibhojpuri, na Vasudha aliijua yote, maana alilelewa naye mpaka miaka mitano. Mbele ya watu aliionea haya, akisema ni lugha ya wakulima. Lakini bibi akaanza kumtania, na mtoto akajisahau. Akaongea, akadeka, akacheka kwa Kibhojpuri hadi nikacheka nami.

Basi likakata kona. Vasudha akageuka na kumwona Kayal. Uso ukambadilika.

Kayal alikuwa amesikia kila neno. Mkono wake ulikuwa juu ya kamba. Angeweza kusema, “Hicho si Kihindi, shika kibao chako,” na hakuna ambaye angebisha, maana mimi nilikuwa shahidi. Alimtazama Vasudha, akautoa mkono kwenye kamba, akapanda basi.

Vasudha akanirudishia simu, akapanda nyuma yake.

Alasiri Vasudha alirudi, akanipa mkoba bila kunitazama. “Mwalimu amenirudishia wimbo,” alisema. “Kayal kasema koo linamuuma.” Nilimwekea wali na dengu aupendao. Alikula vijiko viwili.

Ijumaa asubuhi mama yake Kayal akabisha hodi kuomba majani ya mchuzi. Macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha darasa la nane kuna nini.

“Mtoto halali, hali chakula, hasemi tatizo,” akaniambia. “Baba yake anasema kama hana raha hapa, atatukatia tiketi turudi kwetu Madurai, yeye abaki peke yake. Yeye akiwa Riyadh, sisi tulingoja viza ya familia kule nyumbani miaka mitano, dada. Kayal alimjua baba yake kwa simu. Sasa tumekaa pamoja miezi saba tu.”

Nilimpa majani. Familia ingetengana kwa sababu ya tundu ambalo nimelitoboa mimi.

Nilimkuta Vasudha amekaa sakafuni nyuma ya mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia.

“Didi, usiseme,” akanong'ona.

Nikakaa karibu naye. “Ile hadithi ya diski,” nikasema, “nilikupa nusu.”

“Nusu gani?”

“Nusu ya kuchekesha. Nilikuwa darasa la tano. Siku hiyo diski ilikuwa shingoni mwangu, na jioni inakaribia. Rafiki yangu Roseline akaja mbio kutoka upande wa barabara, analia, anapiga kelele kwa Kinandi: mdogo wake Mitchelle ametumbukia katika shimo la choo kipya linalochimbwa. Unajua nilifanya nini?”

“Ulikimbia kumwita mwalimu.”

“Nilivua diski nikamvisha. Kwanza nilimvisha. Ndipo nikakimbia. Sijasahau alivyonitazama. Alikuwa haamini. Mitchelle alitolewa mguu umevunjika, mpaka leo anachechemea. Na Roseline hakunisemesha tena. Hiyo nusu sikuwahi kumwambia mtu.”

Vasudha akasema, “Kayal alinitazama pia. Lakini hakunivisha.”

“Nilimwona.”

“Ningekuwa mimi, ningemvisha.” Hapo akaanza kulia. “Didi, wewe ungemvisha?”

“Mimi nilishavisha, mama. Ndiyo maana nakwambia.”

Nilikwenda kwa madam nikamwambia yote, pamoja na habari za msumari. Nilidhani atanifokea. Alinitazama, akatazama ukutani picha ya mama mkwe wake, yule bibi wa simu, akasema, “Shukeni. Mtoto aongee mwenyewe.”

Baba yake Kayal, Bwana Murugan, alitufungulia mlango. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega ya kubeba. Kayal alikuwa mezani na daftari. Meza ilikuwa na mguu mfupi, ikiyumba kila alipoandika.

Vasudha alisimama katikati ya chumba. “Kayal, nimekuja kuchukua kibao. Ni changu. Ulinisikia naongea na bibi.”

“Nilikusikia,” Kayal alisema.

“Kwa nini hukunipa?”

Kayal alichezea kalamu. “Ulikuwa unacheka vizuri. Bibi yangu alikuwa ananichekesha hivyohivyo. Alikufa tukiwa Riyadh. Nikaona nikikupa, siku nyingine akipiga simu utaogopa kucheka.”

Bwana Murugan hakuwa anajua lolote juu ya kibao. Akaomba akione. Kayal akakitoa mkobani. Baba akakigeuzageuza.

“Kihindi changu nimekiokota Al-Sulay, kule Riyadh, katikati ya maboksi,” alisema. “Kuongea najaribu. Kusoma sijui. Mtoto, nisomee.”

Vasudha akatazama chini.

“Nisomee, binti yangu. Umeandika wewe.”

Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye homa. “Imeandikwa: ‘Mimi si Mhindi.’”

Nilitamani nipotee. Siku nne mtoto yule alikuwa ametembea na maneno hayo kifuani, nami nikimwona kila asubuhi, nikidhani ni kamba tu.

“Naomba msamaha,” Vasudha alisema. “Nilitaka wimbo. Nikasema ni kwa ajili ya nchi.”

“Hata mimi naomba msamaha,” nikasema. “Mchezo huu nimeuleta mimi, na tundu nimetoboa mimi.”

Bwana Murugan alikaa. “Bohari ya Al-Sulay tulikuwa wanaume sita chumba kimoja,” alisema, “wa majimbo manne ya India. Mchana tuligombana sana. Huyu anasema lugha yake ni ya zamani zaidi, yule anasema lake ndilo jimbo la wasomi. Mimi mwenyewe nilikuwa bingwa wa kubishana! Nilikataa miaka miwili kujifunza neno la Kihindi, kwa kiburi. Lakini usiku watu waliota. Na mtu akiota huongea lugha ya mama yake. Mmoja wetu, Singh, aliita mama yake kwa Kipunjabi, mimi nikaita wangu kwa Kitamili. Hakuna aliyeamshwa akaambiwa, wewe si Mhindi. Tulijua tu kwamba mwenzetu amekumbuka nyumbani.”

Akamtazama Vasudha bila hasira. “Mkiwa wengi ndani ya nchi moja, jifunzeni lugha ya kuwakutanisha. Hilo ni jema, na Kayal atajifunza. Lakini lugha hiyo haitupi ruhusa ya kumvua mwenzako ile aliyozaliwa nayo. Anayependa nchi yake hawapunguzi watu wake. Na ukikosea, tengeneza mbele ya waliokuona ukikosea. Umenielewa?”

“Nimeelewa, baba.”

“Basi halas, yamekwisha.” Akainama, akakisukuma kibao chini ya mguu mfupi wa meza. Akaijaribu meza kwa kiganja. Haikuyumba. “Mbao nzuri hii,” alisema. “Haina kosa lolote.”

Jumapili Vasudha alisimama ndani ya basi na kuwaambia wasichana kwamba kibao kilikuwa chake tangu Alhamisi, kisha akamweleza mwalimu kila kitu. Walimwadhibu: wiki nzima kufuta ubao. Jumatatu Kayal aliongoza wimbo. Vasudha aliimba mstari wa nyuma, na mama yake Kayal aliniambia baadaye kuwa tiketi za Madurai hazikukatwa.

Jioni ile, vyombo vilipokwisha, niliomba dakika kumi za simu. Namba ya Roseline nilikuwa nimeipata kwa shangazi zamani, nikakosa moyo wa kuipiga. Iliita mara nne.

“Haloo, nani mwenzangu?” aliuliza kwa Kiswahili.

Nilimjibu kwa Kinandi. Nilisema jina langu, nikasema jina la Mitchelle, nikasema kile kilichonikaa shingoni miaka yote ile.

Kisha Roseline akanijibu, naye kwa Kinandi.