Jiwe Jeusi la Ugalla

Ndugu zangu, nyie mnaoishi kandokando ya msitu wa Ugalla mnajua mwezi wa saba ulivyo. Mahindi yameshaingia ndani, nyasi zimekauka, mizinga imejaa. Siku hiyo Libérate alikuwa uani akipukuchua mahindi, redio yake ndogo ikiimba kwaya, na mumewe Méthode akisuka mwenge wa kufukizia nyuki. Kesho yake walikuwa waanze kurina asali kwenye mizinga yao arobaini, ambayo nusu yake Méthode aliachiwa na marehemu baba yake. Binti yao Providence, wa miaka tisa, alikuwa anafagia huku akiifuatisha ile kwaya. Kwa kweli walikuwa wanaishi vizuri.

Saa tisa mchana mbingu ikapasuka. Hakukuwa na wingu hata moja! Moto mweupe ukapita juu ya paa, ukaacha mstari wa moshi, kisha ukaja mshindo uliotikisa ardhi mpaka kuku wakajificha chini ya kitanda.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Libérate akamkumbatia mtoto.

Hakuna aliyeumia. Laiti mambo yangeishia hapo.

Siku ya tatu akaja na pikipiki mfanyabiashara mmoja wa Shanwe, Mpanda mjini, jina lake Yasser. Akawakusanya wanaume, akawaambia kile ni kimondo, jiwe la angani, na vipande vyake vimeangukia porini.

"Likiwa jipya lina ganda jeusi kama mkaa, na sumaku inalishika," alisema. "Likipigwa umande mwingi linaota kutu, silitaki. Mkiliwahi, mtajenga."

Jioni ile Méthode aliichukua redio ya mkewe, akapasua spika, akatoa sumaku na kuifunga kwenye ncha ya fimbo.

"Baba Providence, redio yangu jamani!"

"Nitakununulia tivii."

"Na asali je?"

"Asali haikimbii. Jiwe linaota kutu."

Basi, siku kumi na mbili zikapita hivyo. Méthode alitoka alfajiri, akarudi na miba miguuni, sumaku ikiwa imenasa misumari na vizibo vya soda. Mtoto akimsalimia, anaitikia huku anaangalia pembeni. Kila mtu akawa mwizi machoni pake. Alimkuta Kashinje, mfugaji wa Kisukuma, akinywesha ng'ombe kwenye bwawa dogo karibu na mizinga, akamtolea panga.

"Ondoka! Unatafuta jiwe langu!"

Kashinje akamwangalia tu. "Mimi nachunga ng'ombe, kaka. Jiwe nitalikamua maziwa?"

Libérate aliposimuliwa hayo, hofu ikamwingia. Alikula bila kusikia ladha. Mume aliyemjua hakuwa mtu wa kutolea watu panga.

Siku ya kumi na tatu Méthode aliondoka bila kutia kitu mdomoni. Libérate akamwonea huruma, akafunga ugali na maharage kwenye bakuli, akampa Providence. "Fuata njia ya mizinga, utamkuta. Usichepuke." Alimtuma yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mpaka leo hajalisahau hilo.

Huko porini Méthode alikuwa amechoka na nyasi zinazomfika kifuani. Sisi wa huku tumezoea kuchoma nyika. Tunachoma malisho yaote, tunachoma njia ionekane, na wakati mwingine tunachoma basi tu. Akajisemea kwamba akichoma, ardhi itabaki wazi, na jiwe ataliona hata kwa mbali. Akawasha kiberiti. Jamani!

Libérate aliona moshi akiwa ameshika ungo. Ulikuwa upande wa njia ya mizinga. Ungo ukamponyoka. Alikimbia peku, akikanyaga visiki bila kusikia maumivu, mpaka akakutana na Méthode anakuja mbio huku anakohoa, nyusi zimeungua.

"Upepo umegeuka," alisema. "Umenishinda."

"Providence yuko wapi?"

"Si yuko nyumbani?"

"Nimemtuma kwako na chakula!"

Méthode akakaa chini. Mwanaume mzima, akakaa chini vumbini. Libérate akamwinua kwa ukosi wa shati.

"Simama! Twende tukamtafute mwanangu!"

Waliita mpaka sauti zikakauka. Nyuki walipita juu yao makundi kwa makundi, wakiikimbia mizinga inayoungua, lakini hakuna aliyeijali. Walipofika bwawani wakaona ng'ombe wamesongamana. Pale nyasi zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye udongo, na moto ulikuwa umeishia ukingoni. Katikati ya ng'ombe alikuwepo Kashinje, amempakata Providence ndani ya shuka lililoloweshwa maji. Miguu ya mtoto ilikuwa imeungua, lakini bakuli bado alikuwa nalo.

"Nilisikia analia," Kashinje alisema. "Nikamleta hapa pasipo na nyasi."

Méthode alishindwa kumwangalia usoni.

Providence alilazwa wiki tatu. Mizinga iliyobaki ilikuwa mitatu. Siku moja, akiwa kitandani na bandeji zake, alimuuliza baba yake:

"Baba, si ulisema hilo jiwe ni jeusi kama mkaa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa pori lote limekuwa mkaa. Utalionaje?"

Méthode akafunika uso kwa mikono, akalia. Libérate hakumbembeleza.

FUNZO LA MOTO HUU

Wazazi wenzangu, hakuna anayekatazwa kutafuta bahati. Ila tamaa ilimfanya Méthode aache asali iliyokuwa mkononi, amfukuze jirani aliyekuja kumwokolea mtoto, na asahau kwamba jiwe jeusi halitafutwi kwenye majivu. Yasser hajarudi tena. Kipande cha kimondo, kama kipo, kinaota kutu hukohuko. Providence anatembea, ila viatu havivai, makovu yanamuuma. Nyie mnaoshika kiberiti porini, kabla hamjakiwasha, ulizeni kwanza watoto wenu wako wapi.