Jino la Tekla na Mashindano ya Mwaka Mpya

Kila asubuhi, kabla jua halijakausha umande kwenye majani ya mpunga, Tekla alijaza mtungi wa mama yake maji, akafagia uwanja, kisha akachomoa kijiti cha mswaki kilichochomekwa kwenye ukuta wa jiko. Hapo ndipo ujanja wake ulipoanzia. Alitafuna ncha ya kijiti mpaka ikalainika, akapita nacho mdomoni mbele ya mama yake, halafu akazunguka nyuma ya jiko na kukitupa kwenye migomba.

"Umepiga mswaki, Tekla?" mama yake, Eufrasia, aliuliza.

"Tayari, mama!"

Jioni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baba yake, Valeriani, alikuwa mvuvi pale kijijini Kivukoni, kando ya mto Kilombero. Alipouza samaki mjini Ifakara hakukosa kurudi na kipande cha sukari guru kwa ajili ya bintiye. Tekla alimega kidogo, akabakiza kingine cha kulalia. Alikibana shavuni, kikayeyuka taratibu mpaka usingizi ukamchukua.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1956. Shule ilikuwa imefungwa, na watoto wa Kivukoni walikuwa na habari moja tu midomoni: mashindano ya mitumbwi ya Mwaka Mpya, wao dhidi ya watoto wa mjini. Mwaka uliopita walishindwa, na watoto wa mjini waliwacheka sokoni mpaka Pasaka. Safari hii waliapa kwamba hawatashindwa tena.

Tekla ndiye aliyechaguliwa kuwa mwimbishaji. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya mtumbwi, akiwatazama wapiga makafi, na kuimba. Wimbo ndio uliowafanya wapige maji kwa pamoja. Sauti ya Tekla ilikuwa kali na tamu. Mtu wa ng'ambo ya mto aliisikia na kugeuka. Hata wimbo wenyewe aliutunga yeye.

"Mto Kilombero, tupishe!" aliimba.

"Haya, vuta!" wenzake waliitikia, na makafi yote yakazama majini kama mkono mmoja.

Moyo wa Tekla ulijaa furaha hata akashindwa kula vizuri. Lakini haikuwa furaha tu iliyomzuia kula. Jino moja la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limeanza kumsumbua. Mwanzoni lilishtuka kidogo alipokunywa maji ya mtungi. Baadaye likawa linapwita. Tekla alijifunza kutafunia upande wa kulia na kunyamaza. Aliogopa kwamba akisema, atapelekwa zahanati na kukutana na koleo. Tena aliogopa kwamba ujanja wake wa mswaki utajulikana.

Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya walifanya mazoezi ya mwisho kwenye mkono wa mto, mahali maji yalipotulia. Baba Valeriani na wavuvi wenzake waliwazunguka kwa mitumbwi yao, wakiangalia mamba. Mtumbwi wa watoto ulikata maji kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Nyuma kabisa alisimama Fridolin, mwenye kazi ya kuelekeza mtumbwi, akicheka kwa raha.

"Ongeza, Tekla! Ongeza!" alipiga kelele.

Tekla alivuta pumzi ndefu, akafungua kinywa kwa nguvu zake zote. Hewa ya baridi ikagonga lile jino. Maumivu yakampiga kama mwiba wa kambare, kutoka tayani mpaka sikioni. Wimbo ukakatika. Akashika shavu, akajikunja.

Makafi yakagongana. Hawa walivuta, wale walisimama. Mtumbwi ukayumba, ukalala ubavu, na Fridolin akatumbukia majini, chubwi!

"Mtoto! Mshikeni mtoto!" wavuvi walipaza sauti.

Baba Valeriani alifika wa kwanza. Alimkamata Fridolin kwenye kwapa, akamvuta ndani ya mtumbwi wake. Fridolin alikohoa, akatema maji, na macho yake yalikuwa yamemtoka kwa hofu. Hakuumia, lakini hakuna aliyecheka.

Walipofika ufukoni, baba alichuchumaa mbele ya binti yake.

"Kuna nini, Tekla? Mbona ulinyamaza?"

Tekla alimtazama Fridolin akitetemeka ndani ya kanga ya mtu. Kama mtumbwi ungepinduka karibu na matete, pale mamba wanapojificha, je? Machozi yakamtoka.

"Ni jino, baba. Linauma tangu kabla ya Krismasi. Nilificha. Na... mswaki sipigi. Natafuna kijiti ili mama anione tu, kisha nakitupa."

Mama Eufrasia, aliyekuwa amekuja mbio aliposikia kelele, aliyasikia yote. Tekla alingojea kugombezwa. Mama hakumgombeza. Alimfuta machozi, akasema, "Kesho asubuhi, zahanati."

Mganga wa zahanati, Kelestini, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, Mganga," Tekla alisema, mkono ukiwa shavuni.

"Marahaba, mwimbishaji. Nimesikia habari zako. Fungua kinywa nione."

Aliangalia, akaguna, akamwita mama Eufrasia aangalie pia. Jino lilikuwa na shimo jeusi, na fizi imevimba.

"Halifai tena. Tutaling'oa," Kelestini alisema.

"Si litaota jingine?" Tekla aliuliza kwa matumaini.

"Hapana, binti yangu. Hili si jino la utoto. Lilikuja ili ukae nalo mpaka uzeeni. Likitoka, limetoka."

Maneno hayo yalimwuma Tekla kuliko sindano ya ganzi iliyofuata. Alifumba macho. Alisikia kishindo kidogo taya likitikiswa, kisha koleo likalia kwenye sahani ya chuma. Kelestini akamwekea pamba.

"Ing'ate. Kesho uanze kusukutua kwa maji ya chumvi, taratibu. Na kwa siku kadhaa, kuimba marufuku. Ukipanua kinywa kwa nguvu, damu itaanza upya."

Njia nzima ya kurudi Kivukoni Tekla hakuinua kichwa. Jioni, rafiki yake Kandida alikuja kumjulia hali.

"Mimi naujua wimbo," Kandida alisema, "lakini sauti yangu ni ndogo. Tutafanyaje?"

Tekla aliwaza. Macho yake yakaangukia debe tupu la mafuta ya taa pale jikoni. Akachukua vijiti viwili, akapiga: ko! ko-ko! ko! ko-ko! Kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi ulipoyumba, akatabasamu, ingawa tabasamu lenyewe lilikuwa la upande mmoja.

Mwaka Mpya ulipoingia, watu walitoka misa wakateremka moja kwa moja mtoni. Ufuko ulijaa. Wanawake walipiga vigelegele, watoto walipanda juu ya mitumbwi iliyoanikwa. Tekla alikaa mbele ya mtumbwi, shavu limevimba kama limeficha limau, debe mapajani. Kandida alikaa karibu yake.

"Mwimbishaji wao amefura shavu!" mtoto mmoja wa mjini alicheka.

Kitambaa cha kuanzishia mashindano kikashushwa. Mitumbwi ikaruka!

Watoto wa mjini waliongoza. Walikuwa na makafi mapya na mikono yenye nguvu. Tekla alipiga debe bila kuharakisha, akiwatazama wenzake machoni. Walipofika katikati, umati uliingiwa na wazimu. Kila mtu alipiga kelele kwa sauti yake. Mwimbishaji wa mjini aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, lakini wenzake hawakumsikia tena. Makafi yao yakaanza kupishana.

Ko! ko-ko! Debe lilipenya kelele zote.

"Sasa!" Kandida alimwambia sikioni. Tekla akaongeza mwendo. Ko-ko! ko-ko! Fridolin aliinama, akaelekeza mtumbwi sawasawa kama mshale. Mitumbwi ikalingana. Ikaenda bega kwa bega. Halafu, hatua chache kutoka kwenye kamba ya mwisho, mtumbwi wa Kivukoni ukatanguliza pua.

Walikuwa wameshinda!

Watu waliingia majini na nguo zao za misa. Fridolin alibebwa juujuu. "Tekla, tuimbishe! Tuimbishe wimbo wa ushindi!" walidai.

Tekla alifungua kinywa, akakumbuka, akakifunga. Kandida ndiye aliyeanza, kwa sauti yake ndogo, na Kivukoni nzima ikaitikia. Wimbo alioutunga mwenyewe ulipaa juu ya mto, naye peke yake hakuwemo. Alifurahi, na alilia kidogo.

Mama yake alimwona. Akaja, akakaa naye pembeni.

"Inauma?"

"Jino haliumi tena, mama. Inauma kutoimba."

"Utaimba. Jeraha litapona. Sasa nisikilize." Alitoa kijiti kibichi cha mswaki. "Mwaka huu tutapiga mswaki pamoja, wewe, mimi na baba yako, ambaye naye jioni husahau. Asubuhi tukiamka, na usiku baada ya kula, juu na chini, mpaka meno ya nyuma kabisa. Baada ya hapo hakuna kitu kinywani ila maji. Sukari guru utakula mchana, usukutue."

"Ndiyo, mama. Na sitakudanganya tena."

"Mimi ulinidanganya kweli," mama Eufrasia alisema. "Uliponipita na kijiti, macho yangu ndiyo yaliyodanganyika. Jino halikudanganyika hata siku moja. Mwili wako ndio unaojua ulichoufanyia, mwanangu. Utunze, maana haudanganyiki, na maumivu ukiyapata, yaseme yangali madogo."

Tekla alipokea kijiti kile, akaanza kukitafuna ncha ili kilainike. Kisha, mbele ya mto na watu wote, akapiga mswaki kwelikweli, polepole, akilikwepa pengo.