Mswaki Uliobaki Takoradi

"Usinishike, Ofosu. Mikono yako inanitia kinyaa!"

Ofosu alibaki na sahani ya kelewele, ndizi za kukaanga zenye pilipili, mkononi, kinywa wazi. Ilikuwa mchana kweupe, mlango wa maabara haujafungwa, na nusu ya Kumasi ingeweza kusikia. Serwaa hakujali.

"Mpenzi, vipi tena? Jumamosi tunaoana."

"Njoo uchungulie kwenye darubini."

Akachungulia. "Si seli zako hizi? Zimejaa chupa nzima. Safi kabisa!"

"Nimezihamisha chupa mara ngapi?"

"Kumi na nne. Mungu mkubwa, mama."

"Mungu usimwingize."

Seli zile Serwaa alizitoa mwenyewe kwenye kuta za mishipa ya damu ya panya, mishipa myembamba kama uzi, miezi minne ya kukodoa macho. Alitaka kujua kwa nini mishipa ya watu inakakamaa na kuwaua, kama ilivyomuua bibi yake. Seli za namna hiyo ukizihamisha mara sita au saba zinachoka, haziongezeki tena. Hizi zilikuwa zinafumuka tu, hazina haya. Na alipokwenda Mampong siku tano kumzika bibi, aliyemwachia azilishe ni mchumba wake huyuhuyu.

Akafungua simu, akamsomea.

"Ijumaa ile ya msiba uliniandikia: 'Nimewalisha watoto wako, wazima. Mlilie bibi kwa amani.' Jumatatu: 'Nimewalisha tena, wanakusalimia.' Na picha juu. Hebu tazama hizo picha. Povu lilelile karibu na kifuniko! Picha moja, siku mbili!"

Ofosu akaweka sahani mezani.

"Zilikufa, Serwaa. Nilichelewa kuzilisha. Nikaona uko msibani, utaumia. Nikachota zile za chumba cha pili, zilizogeuzwa zisizeeke."

"Ukazitia kwenye chupa yenye mwandiko wangu! Nimepima dawa juu ya uongo, na Profesa wetu anatuma majibu leo!"

"Nilifanya kwa mapenzi."

"Ulikuwa wapi zikifa?"

Simu ya Ofosu ikatetemeka kando ya sahani. Kabla hajaifunika, Serwaa alishasoma.

*Araba Takoradi: Bebi, mswaki uliouacha ile wikiendi ya msiba wa mchumba wako bado upo bafuni kwangu. Nikutumie kabla hujaoa?*

Serwaa akamsukumia simu yake.

"Mimi naiosha maiti ya bibi yangu, wewe unapiga mswaki Takoradi."

"Serwaa, nisikilize..."

Alishampigia Profesa. "Prof, tafadhali usitume. Zile seli si zangu. Ndiyo, naanza upya. Miezi minne, najua." Kisha akampigia mjomba wake, Wofa Amankwaa.

"Wofa, zile chupa mbili za pombe ya jini alizoleta Ofosu alipokuja kugonga mlango, kuniposa, zipo?"

"Moja ipo, mwanangu. Ya pili, koo lilikuwa linaniwasha."

"Nunua nyingine, uzirudishe zote kwao leo."

"Na mimi kale kajamaa sikukapenda," mzee akasema.

Serwaa akamimina klorini kwenye chupa mpaka juu. Seli zisizozeeka zikafa zote.

"Na mimi je?" Ofosu aliuliza.

"Beba sahani yako."

Akavaa glavu mpya, akaingia chumba cha panya kuanza moja. Harufu ya mkojo wao ilimpokea mlangoni, harufu aliyoichukia miaka yote. Siku hiyo aliivuta kifua kizima, akaona nafuu.