Tai Hajui Kuhesabu

"Ukitoka humu kabla sijarudi, kazi ya miezi mitatu imekwenda na maji," mchumba wangu aliniambia, akifunga turubai la kibanda.

"Najua. Saa kumi, usichelewe."

"Lini nimekuchelewesha mimi?"

Akanibusu kwenye paji la uso, akashuka mlima akipiga mluzi makusudi ili tai amwone.

Ndiyo mbinu yetu. Tai ana macho makali, lakini hajui kuhesabu. Anaona wawili wameingia kibandani, mmoja ametoka, basi anaamini hamna mtu. Mimi napiga picha za tai, mwewe na kozi, tena kwa karibu, na huyu tai jike nilimtaka akimlisha kinda wake kiotani. Mchumba wangu, mpima ardhi, ndiye aliyenisindikiza kila Jumamosi. Harusi ilibaki wiki mbili. Mwanaume wa hivyo ningempata wapi?

Saa tano tai akarudi na sungura kwenye makucha. Hakutua. Alizunguka, akazunguka tena, akakaa kwenye mti mkavu akikodolea macho kitu chini ya mwamba. Kinda analia njaa.

Nikageuza lenzi nione anachokiona.

Gari la mchumba wangu! Pembeni wametandika mkeka, na shosti yangu msusi, yule yule wa kunisimamia harusini, amekaa na kitambaa chake cha njano. Mchumba wangu kamlalia mapajani.

Nilitaka kutoka mbio nikawaparue. Lakini nikitoka tai ataniona, atakisusa kiota, na kinda atakufa. Nikang'ata kola ya shati, nikamwandikia mchumba wangu:

"Uko wapi mpenzi?"

Nikamwona anainua simu.

"Niko saiti napima viwanja. Jua kali balaa. Nakuwaza wewe tu."

Nikamtumia na shosti: "Uko wapi?"

"Saluni, shosti. Nimeshika kichwa cha mteja hapa."

Hapo hakudanganya. Kichwa alikuwa amekishika kweli. Nikawapiga picha.

Kisha nikamwandikia mpima ardhi: "Tai hatui. Nahisi kuna watu chini ya mwamba. Ukipita huko wafukuze."

Alivyoruka! Mkeka ukakunjwa, shosti akasukumwa garini, vumbi likatimka. Dakika kumi baadaye tai akatua. Nilipiga picha huku nalia, na kidole hakikuachia kitufe mpaka kinda akashiba.

Saa kumi kamili turubai likafunguliwa.

"Vipi, umempata?"

"Nimewapata."

"Wote wawili! Nionyeshe basi."

"Tushuke kwanza. Taratibu, tai asishtuke."

Chini kwenye gari nikampa kamera. Akatazama moja moja: tai, kinda, tai. Kisha uso ukamshuka.

"Mpenzi, sivyo unavyofikiria..."

"Sijafikiria. Nimepiga picha."

"Nisamehe. Shetani tu!"

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Naapa, leo tu." Akameza mate. "Labda tatu. Nne."

"Kumbe na wewe hujui kuhesabu."

Nikavua pete, nikaiweka juu ya boneti.

"Kadi zimeshasambazwa!" akapayuka. "Watu tutawaambia nini?"

"Waambie ulikuwa saiti."

Nikachukua kamera yangu, nikatupia stendi yake begani. Alipoona siyumbi, akabadilika.

"Haya, nenda! Jumamosi nani atakupandisha huku? Peke yako huwezi, lazima muingie wawili!"

Miezi mitatu nilikuwa nikimshukuru huyu mtu kwa kuniacha mle ndani.

"Shangazi yangu atanipandisha," nikamjibu. "Magoti yake mabovu, tutapanda polepole. Lakini yeye akiniambia anakwenda nyumbani, anakwenda nyumbani."