Nafasi ya Mbele Langoni

"Kanga, ingiza mzigo wa mzee sasa. Lazima msimamizi wa ghala anaswe akiupokea; anakimbia nchi leo."

Amri ilitoka kwenye kifaa kidogo sikioni mwa Mativo, jasusi mwenye jina la siri Kanga, aliyevaa ovaroli ya dereva. Lori lake lilikuwa la kwanza kwenye foleni, nje ya ghala la maduka makubwa huko Njiru. Isuzu ya mzee Shitanda ilikuwa ya nne. Ilibeba maziwa ya unga ya watoto.

Maziwa yenye sumu.

Watoto walioyanywa walikuwa wameshazikwa mtaani Tassia. Shitanda hakujua lolote. Kwake ule ulikuwa mzigo kama mizigo mingine. Mativo alilijua hilo vizuri, maana tangu aanze kujifanya dereva, mzee huyo alimgawia ugali na mboga ya mrenda kila walipongoja kushusha. Lakini akionywa, uso wake utatoboa siri, na genge linalouza sumu hiyo litatoweka.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Shitanda alikuwa akikilisha.

Mativo akashuka.

"Mzee, tangulia. Gari yangu inasumbua."

Shitanda alimtazama kwa mshangao. Pale langoni watu walishikana mashati kwa ajili ya nafasi.

"Mungu akubariki, kijana yangu."

Aibu ilimchoma Mativo hadi masikioni.

Isuzu ikaingia. Sili ya mlango wake wa nyuma ikakatwa. Msimamizi akapokea mzigo kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa," Mativo alinong'ona.

Polisi wakamiminika kutoka lori la mikate walimokuwa wamejificha. Msimamizi akachomoa bastola aina ya Glock, akakimbilia langoni. Mativo, aliyekuwa amerudi kwenye usukani, alingoja, kisha akaufungua mlango kwa nguvu.

Ukampata msimamizi usoni. Akaanguka chali.

Polisi wale hawakumjua Mativo. Walimshusha, wakamkunja mikono. Shitanda alikuwa amelazwa chini, pingu mikononi, vumbi mdomoni.

"Afande, huyo muachilie," mzee alisema. "Hajui kitu. Ni dereva tu, tena mtu mzuri."

Walipokuta lori lake halina maziwa, wakamwachilia Mativo.

"Kazi safi, Kanga. Ondoka," sauti ikasema sikioni.

"Mzee hana hatia. Nitamtolea ushahidi."

"Ushahidi gani? Kwenye rekodi zetu, wewe hupo."

Mativo aling'oa kifaa sikioni, akakiponda kwa kisigino. Kisha, kama alivyoamriwa, akatia mikono mfukoni, akavuka Barabara ya Kangundo taratibu, bila kugeuka. Angegeuka, angekutana na macho ya Shitanda, na yale macho bado yalikuwa yakimwamini.